Herufi Niliyoifuta kwenye Manyanga

Kontena la mitumba ya vyombo vya nyumbani kutoka Uingereza likifunguliwa Ilala, watu hugombea friji, makochi na pasi. Mimi husubiri vurugu zipoe, kisha naomba ruhusa ya kuchakura maboksi ya mwisho, yale ambayo hata mwenye duka hajui atayauzaje: fremu za picha, sahani isiyo na wenzake, saa ya ukutani iliyokufa, mwanasesere asiye na mkono. Huko ndiko nilikokutana na manyanga mawili, zile ala za muziki za kutikisa, yamefungwa pamoja kwa kamba ya kiatu, chini ya mashine ya kusagia kahawa.

Niliyatikisa kabla sijayatoa. Hilo ndilo jambo pekee nililolifanya sawasawa siku ile.

Yalikuwa vibuyu viwili vya mviringo, kila kimoja ukubwa wa komamanga lililokomaa, vimechomekwa mipini ya mti iliyopakwa rangi nyekundu. Kimoja kilichorwa kwa mkono ngome juu ya jabali, bahari ya buluu mbele yake, mnara mwembamba na mnazi mmoja. Cha pili kilikuwa na mwanamke anayecheza, gauni lake linaburura, limejaa marinda kuanzia magotini, na mikono ya gauni nayo marinda matupu. Aliyechora alikuwa mzoefu na alikuwa na haraka. Mawimbi matatu aliyapiga kwa mikwaruzo mitatu ya brashi, basi, akahamia kibuyu kingine. Juu ya yote kulikuwa na vanishi iliyogeuka rangi ya chai ya rangi. Chini ya ngome palikuwa na maandishi meupe, yamechakaa pale pale kidole gumba kinapokaa ukiyashika. Nilichoweza kusoma kilikuwa BA, halafu doa, halafu A.

"Shilingi ngapi, kaka?"

"Hayo madude? Toa thelathini uende nayo."

Tukamalizana kwa elfu ishirini. Nikapiga picha moja kwa simu, mwanga wa duka ukiwa mbaya, nikamtumia mke wangu. Akajibu: "Yanaliwa?"

Mama yangu ni mtu wa Tanga, na likizo nyingi za utotoni nilizimalizia kwa shangazi yangu Mombasa. Sasa niambie: ngome, bahari, mnazi, mwanamke wa gauni refu, na neno lenye BA katikati na A mwishoni. Ingekuwa wewe ungesoma nini? Daladala haijafika Buguruni nilikuwa tayari nimeshaona ngome ya Fort Jesus, nimeshasoma MOMBASA, na yule mwanamke nimeshamfanya mwimbaji wa taarabu. Kufika Tabata nilikuwa na historia nzima. Manyanga yaliuzwa kwa baharia wa Kiingereza pale bandari ya Kilindini kabla ya uhuru, akayapeleka kwao, akafa, wajukuu wakayatupa, na sasa yamerudi nyumbani kwa kontena. Hadithi ilikuwa tamu mno, na utamu wake ndio ulioniponza.

Usiku ule ule, watoto wameshalala, nilitandika gazeti mezani nikaanza kazi. Nilianza na kitambaa laini, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni. Kitambaa kikatoka na uchafu wa kahawia, nikafurahi, kwa sababu uchafu ukitoka mtu hujiona fundi. Maandishi lakini yalibaki vilevile, vanishi imeyafunika kama ukungu wa kioo cha bafuni. Nikakumbuka kwamba kulikuwa na tina, ile dawa ya kuzimulia rangi, iliyobaki tulipopaka rangi geti.

Pamba ya kwanza ililainisha vanishi ikawa inanata kama sukari guru. Chini yake buluu ya bahari ikajitokeza, buluu kali ya siku iliyochorwa, hata nikashusha pumzi. Pamba ya pili ilitoka na ubuluu kidogo. Hapo mtu mwenye akili angeweka kizibo kwenye chupa na kwenda kulala. Mimi nikachukua ya tatu, nikaipeleka moja kwa moja kwenye doa lililo kati ya BA na A, nikasugua kwa mzunguko mdogo, taratibu, nikisubiri herufi ijitokeze.

Pamba ikatoka nyeupe. Nilipoinua kibuyu kwenye taa, mahali pa doa palikuwa safi kabisa: ganda tupu, rangi ya biskuti, halina hata alama. Ile herufi nilikuwa nimeishika mkononi, kwenye pamba.

Baadaye nilikuja kuelewa kilichotokea, nami nakieleza hapa kwa faida ya yeyote anayenunua vitu vya namna hii. Aliyechora zawadi za watalii hakuchora ili zikae miaka sabini. Alichora ili mtalii anunue kabla meli haijaondoka. Ganda la kibuyu ni laini na halikupakwa msingi wowote, rangi ikapitishwa mara moja, na kabla haijakauka vizuri ikapigwa vanishi ya kung'arisha. Matokeo yake rangi imeshikana na vanishi iliyo juu kuliko ilivyoshikana na ganda lililo chini. Ukiyeyusha ya juu, ya chini inaifuata kama mtoto anavyomfuata mama yake sokoni. Uchafu unaoonekana mbaya huo ndio mara nyingi unaoishikilia picha. Siku hizi nikilazimika kusafisha, nachovya kijiti cha pamba kwenye mate yangu mwenyewe (ndiyo, mate, hata mafundi wa makumbusho huyatumia), nafanya jaribio mahali pasipoonekana, karibu na shingo ya mpini, nangoja hadi kesho yake. Mara tisa kati ya kumi nikiamka naamua kuacha.

Wakati ule sikuwa najua lolote kati ya haya, na aibu haikunizuia kuuza. Niliyatangaza mtandaoni kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: manyanga ya Mombasa, miaka ya 1950, yamechorwa kwa mkono, dola 120. Wiki ya pili akaniandikia mzee mmoja wa Uholanzi ambaye hukusanya ala za kutikisa tu. Ngoma hataki, zeze hataki. Alikuwa na adabu sana. Aliniuliza swali moja: ule mnara wa taa ya meli uko upande gani wa Fort Jesus? Akaambatanisha picha ya lango la bandari ya Havana, mji mkuu wa Kuba.

Sikuhitaji kuiangalia mara mbili. Ngome ilikuwa ile ile, jabali lile lile, na mnara umesimama pale pale alipoupanda mchoraji. Mombasa ina taa za kuongozea meli, lakini hakuna mnara uliosimama juu ya Fort Jesus, na mimi nimeizunguka ngome ile kwa miguu tangu nikiwa na meno ya utoto. Jicho liliuona mnara tangu dukani, mimi ndiye nilikataa kuusikiliza.

Ile ni ngome ya El Morro, ambayo Wahispania walianza kuijenga mwaka 1589 kulinda mlango wa bandari ya Havana, na mnara wake wa taa ni wa mwaka 1845. Nilipoendelea kusoma nikapata cha kujifariji. Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593, na mfalme aliyetawala wajenzi wa pande zote mbili alikuwa mmoja, Philip II, kwa kuwa wakati huo taji la Ureno na la Uhispania lilikaa kichwani kwake. Hata wachoraji wa ramani walikuwa Waitaliano wote wawili: Battista Antonelli kule Havana, Giovanni Battista Cairati huku Mombasa. Kwa hiyo ngome hizi ni ndugu wa baba mmoja, na kuzifananisha si wazimu mtupu. Nilimwandikia hivyo yule mzee. Akajibu kwamba amefurahi kujua, ila bado hanunui.

Lakini mnazi sina pa kuufichia uso. Niliuangalia tena kwa lenzi. Hauna nazi hata moja. Shina lake limenyooka, nene, jeupe-jeupe kama nguzo ya zege. Mnazi gani wa pwani unasimama wima namna ile kama askari wa gwaride? Ule ni mchikichi wa kifalme, mti wa taifa la Kuba, ambao kila mchoraji wa kule huuweka kwenye picha kama sisi tunavyoweka mbuyu. Nimetumwa kuangusha madafu utotoni, nimeanguka na makovu ninayo, halafu mti usio na nazi nikauita mnazi kwa sababu niliutaka uwe mnazi. Na yule mwimbaji wangu wa taarabu? Gauni lile la marinda ndilo vazi la wachezaji wa rumba wa majukwaa ya Havana.

Mwisho wa yote nikakumbuka picha niliyomtumia mke wangu. Alikuwa hajaifuta. Tukaikuza kwenye simu hadi ikawa vidonge vidonge, na kwenye doa, mara baada ya BA, ulikuwapo mstari uliosimama wima. S haina mstari wima. N inao. HABANA, yaani Havana kwa Kihispania. Ile picha mbaya ya dukani, iliyopigwa kwa mzaha, ndiyo ushahidi pekee uliobaki duniani kwamba herufi ile ilikuwapo. Tangu siku ile sigusi kitu kabla sijakipiga picha pande zote, mchana, karibu na dirisha, na sarafu pembeni kuonyesha ukubwa.

Umri wake nao ulinitoa jasho. Nilipenda kuandika "kabla ya mapinduzi", maana wanunuzi hulipenda neno hilo. Wamarekani walimiminika Havana enzi pombe ilipokuwa marufuku kwao, kuanzia 1920 hadi 1933, na tena miaka ya 1950 kwa ajili ya kasino na kumbi za muziki. Fidel Castro na wenzake walishika nchi mwanzoni mwa 1959, vikwazo vya biashara vya Marekani vikakamilika Februari 1962, na wateja wale wakatoweka. Kwa hesabu hiyo manyanga mengi yenye jina la mji ule yaliyozagaa Marekani ni ya kabla ya hapo. Yangu hata hivyo yalitoka Uingereza, na Waingereza hawakukatazwa kwenda Kuba. Kwa hiyo sasa nimeyaandikia "yaonekana ya katikati ya karne ya 20", maneno yasiyovutia mteja hata mmoja.

Nilikuwa nimeshayakatia tamaa nilipoyatia kwenye begi kwenda Morogoro kumsalimia baba mdogo. Yeye alipiga marakasi, yaani manyanga kama haya, baadaye ngoma za tumba, katika bendi moja ya dansi pale mjini miaka ya 1970. Sikumwambia lolote. Niliyaweka juu ya mkeka, nikaenda kunawa. Niliporudi alikuwa ameshayashika, macho ameyafumba.

Hakuyatikisa kama tunavyotikisa sisi. Alirusha mkono mfupi, akausimamisha ghafla, na mbegu zote zikagota ukutani mwa kibuyu kwa pamoja: cha! Akarudia la pili: sauti ikawa nzito zaidi, na ikatawanyika kidogo, kama mchele unaomwagika.

"Hili jike," akasema akiinua lenye mchezaji. "Hili dume. Ila dume limepunjwa mbegu. Aliyelitengeneza alikuwa anauza picha."

Mambo hayo alijifunza kwa masikio, lakini ndivyo wanavyosema hata huko yalikotoka: jozi moja huwa na dume na jike, moja ya sauti ya juu na nyingine ya chini, na mbegu huhesabiwa kwa makusudi. Kisha akapitisha kidole pale mpini unapoingia.

"Halafu hiki si kibuyu chetu. Chetu kina shingo, mti wa nini? Hiki ni tunda la duara, limetobolewa likachomekwa."

Kumbe! Vibuyu tunavyovijua sisi hutambaa chini na huota na shingo yake, na mara nyingi shingo hiyo ndiyo mpini. Wakuba hutumia tunda la mti wanaouita güira, la mviringo kama mpira, lisilo na shingo. Dakika mbili mkononi mwa mzee asiyejua kutumia intaneti, na historia yangu yote ya Kilindini ikawa imekwisha bila hata kuangaliwa picha.

Nikamweleza kisa changu, tina na yote. Alicheka hadi akakohoa.

"Ulitaka yawe ya Mombasa ili yawe yetu?"

"Ndiyo, baba."

"Ya Kuba ndiyo yetu zaidi, mjinga wewe. Unajua bendi ya Salum Abdallah iliitwaje?"

Nilijua. Cuban Marimba, hapa hapa Morogoro. Jina lile nimelisikia maisha yangu yote bila kulisikia, kama mtu anayekaa jirani na mashine ya kusaga. Baba mdogo akaanza kuhesabu kwa vidole. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilitoa santuri za muziki wa Kuba zenye herufi GV na kuziuza Afrika. Kongo wakazichukua wakajengea rumba yao, na Tanganyika nako vijana wakazizungusha kwenye gramafoni hadi sindano zikaisha makali. Salum Abdallah, inasimuliwa, alitoroka nyumbani akitaka kwenda Kuba kwenyewe, akaishia Mombasa kwa kukosa meli. Akarudi Morogoro kuanzisha bendi, na alipofariki kwa ajali mwaka 1965 tayari mji ulikuwa umeshazoea kutikisa mabega kwa mapigo ya ng'ambo ya bahari. Marakasi ya kwanza aliyoyashika baba mdogo yalikuwa makopo ya maziwa yenye mawe madogo. Waliyatengeneza wakifuata sauti ya santuri, kwa kuwa hakuna kati yao aliyewahi kuona ya kweli. "Hatukujua hata yanafananaje," aliniambia, akiligeuza lile la ngome. "Kumbe wanayachora!"

Alinifundisha kusoma chombo kilichochezewa. Angalia mahali rangi ilipolika, usiangalie imelika kiasi gani. Mkono wa mpigaji hushika mpini juu, karibu na kibuyu, na gumba huparaza sehemu ile ile miaka yote. Likichakaa sawasawa kila upande, limechakaa kwenye boksi, au limechakazwa na muuzaji kwa msasa. Kwenye yangu, maandishi yalifutika penye gumba. Kuna mtu, mahali fulani, alilishika hili dume lililopunjwa mbegu akalipiga kweli, pengine kila Krismasi, pengine peke yake jikoni.

Kuna mengine niliyoyalipia, nayapitia upesi. Miezi mitatu baadaye nilikuta vumbi kama unga chini ya kabati: wadudu walikuwa ndani ya mpini. Niliyafunga kwenye mfuko wa plastiki, nikatoa hewa, nikayaweka kwenye friza wiki mbili pamoja na vibua vya mke wangu. Yakitolewa, mfuko haufunguliwi hadi yapate joto la chumba, la sivyo umande unaganda juu ya rangi na unaanza msiba mwingine. Jozi nyingine, ya plastiki iliyopakwa rangi ya kibuyu, ilinidanganya hadi nilipohisi mstari wa kiungo chini ya ukucha. Na jozi ya tatu niliyoituma nje ilirudishwa kwa gharama yangu, kwa sababu kwenye fomu niliandika "pambo" nikasahau kwamba ndani kuna mbegu, na afisa wa kilimo wa nchi za watu akiona mbegu hajali zimeimba miaka mingapi.

Mzee wa Uholanzi aliandika tena mwaka jana. Alisema kabla ya tina angelipa bei yangu bila kubishana, hata kwa jina la Havana. Sasa yuko tayari kulichukua lile lenye mchezaji peke yake, dola 40. Nilimshukuru nikakataa, maana nikiuza jike, dume nitalifanyia nini?

Yapo sebuleni, juu ya redio, mbali na dirisha. Baba mdogo alihamia kwangu baada ya kuugua mguu, na kila Jumapili jioni huyashusha. Mwezi uliopita nilirudi kazini nikakuta mpini wa lile la ngome umefungwa kwa utepe wa mpira wa baiskeli, umekazwa vizuri, na ncha zake zimechomwa moto zishikane. Rangi nyekundu ya zamani yote imefunikwa. Hata mbegu ameongeza: kulikuwa na kitundu kidogo cha mdudu penye shingo, akakipanua kwa msumari, akaingiza choroko, akakiziba kwa gundi ya viatu.

Mimi ambaye huwakemea watu mtandaoni wasikarabati chochote, nilisimama mlangoni na mfuko wa mikate mkononi. Akalirusha mara moja hewani. Cha!

"Sikiliza sasa," akasema.